Barua kutoka Kyaka

Kyaka, Missenyi

Mwalimu mwenzangu,

Habari za Songea? Sisi huku hatujambo, na shule tunaendelea nayo. Barua yako niliipata, nikafurahi kusoma jinsi wanafunzi wako walivyoshiriki maadhimisho ya 27 Februari pale kwenye makumbusho ya Majimaji. Mwishoni ukaniuliza: watu wa Kagera mnawakumbukaje waliopigana na walioteseka katika vita vya Amin? Nakujibu kwa kirefu, univumilie, maana jambo hili liko moyoni mwangu kila siku.

Mwanajeshi anakumbukwa. Kule Kaboya, wilayani Muleba, yapo makaburi ya askari wetu, na inapofika Siku ya Mashujaa, 25 Julai, huku kwetu Kaboya ndiyo inayotajwa kwanza. Waliolala pale walitoka kila pembe ya nchi, hata huko kwenu Ruvuma. Sina neno juu ya hilo, ni heshima wanayostahili kabisa. Ninacholilia ni raia.

Unajua ilivyoanza. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Mutukula, na tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini mwa Mto Kagera ni yake. Ni karibu kilomita za mraba 1,800, zenye vijiji, migomba, kahawa na ng'ombe. Daraja la hapa Kyaka likalipuliwa. Kiwanda cha sukari kikaporwa. Inakadiriwa raia wapatao 1,500 waliuawa katika majuma hayo machache, wengi wao wakiwa watu ambao hawakuwahi kushika silaha.

Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo wakati ule, alinisimulia kwamba waliposikia mizinga mumewe alichimba shimo katikati ya migomba, wakafukia cherehani na sufuria kubwa za shughuli, wakatandaza majani makavu juu. Kisha wakaondoka usiku na watoto, mmoja mgongoni, kuelekea mtoni. Waliporudi baada ya jeshi letu kulikomboa eneo, nyumba haikuwa na mabati wala milango. Hata fremu za madirisha zilikuwa zimeng'olewa. Cherehani waliikuta palepale ilipofukiwa. Kwa cherehani hiyo alishona sare za shule za watoto wa kijiji kizima, wengine bila malipo, kwa sababu hapakuwa na mwenye hela. Mwalimu, huo si mchango katika vita? Nani ameuandika?

Na waliokuwa ng'ambo ya huku, upande wa Bukoba, waliwapokea wakimbizi majumbani mwao. Watu waligawana ndizi na maharage na wageni wasiowajua. Baadaye Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kwamba nia, sababu na uwezo wa kumpiga Amin tunavyo, nchi nzima ikaitika: watu wakatoa ng'ombe, mbuzi, mazao na fedha, malori na mabasi ya raia yakachukuliwa kupeleka askari mbele. Madereva wa malori hayo wengi walikuwa raia. Walipita kwenye tope la huku, ambalo ukija msimu wa mvua utalielewa bila kuelezwa.

Kuna mgambo pia. Jeshi lilikua kwa haraka sana, na maelfu kwa maelfu ya walioongezwa walikuwa mgambo, vijana waliotoka jembeni. Mzee mmoja wa hapa, aliyekuwa mgambo, alivuka na kikosi chake hadi Masaka, mji uliotekwa Februari 1979, na alikuwa bado Uganda Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili. Nishani yake anaitunza kwenye kopo la majani ya chai. Nilipomwomba anionyeshe aliifuta kwanza kwa kanzu, ndipo akanikabidhi kwa mikono miwili.

Hata jina la mkoa limetoka humo. Kabla ya vita tuliitwa Ziwa Magharibi, na ilikuwa 1979 tulipoanza kuitwa Kagera. Wanafunzi wangu wengi hawalijui hilo, ingawa wanaandika neno hilo kwenye madaftari kila siku. Magofu ya kanisa Katoliki la Kyaka wanayapita wakienda sokoni: kuta zimesimama, paa hakuna. Nimewapeleka, wakagusa matundu kwenye ukuta, wakauliza maswali ambayo kitabu cha historia hakina majibu yake. Nani alikuwa akisali hapa? Walikwenda wapi?

Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 katika vita hivyo, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Majenerali wana watu wa kuwaandika. Bibi wa cherehani naye umri umekwenda, na akiondoka leo tutabaki na nini? Kwa maoni yangu kila kijiji cha Missenyi kilipaswa kuwa na daftari la majina ya raia wake waliouawa, waliopoteza mali, waliopokea wageni, waliopika na waliobeba majeruhi. Na majina hayo yasomwe kwa sauti 25 Julai, baada ya yale ya askari.

Ndiyo maana nimeanza na wanafunzi wa kidato cha tatu. Wanakwenda kwa babu na bibi zao wawili wawili, mmoja anauliza, mwingine anaandika, na simu inarekodi. Tunaanza kwa Kihaya, tafsiri inafuata baadaye, kwa kuwa wazee wanakumbuka vizuri zaidi katika lugha waliyolilia.

Nina ombi kwako. Ulishawahi kuniambia kwamba baba yako mdogo alikuja kupigana huku na kwamba alilishwa na familia moja ya karibu na mto kabla ya kuvuka. Mwulize ni kijiji gani, na kama anakumbuka jina la mwenye nyumba. Nikipata jina nitaitafuta familia hiyo mwenyewe. Mwulize pia kama yuko tayari kuongea na wanafunzi wangu kwa simu, Jumamosi yoyote mchana.

Nisalimie shemeji na watoto, na shikamoo kwa baba mdogo.

Mwalimu mwenzako wa Kyaka