Owino Uhuru: Fidia sawa, na udongo je?

Mhariri,

Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ikitajwa gazetini, habari huwa ni fidia: Sh1.3 bilioni ambazo mahakama iliamuru mwaka 2020. Haya, watu walipwe. Lakini hukumu ile ile iliagiza udongo usafishwe, na hilo halina wa kulipigia kelele.

Risasi, yaani madini yenye sumu (lead) ya ndani ya betri za magari, haiozi. Inakaa pale pale juu juu, mtoto anapochota mchanga kwa kopo kisha akalamba vidole. Kuchimba mtaa mzima ni gharama, na huo udongo utampelekea nani? Ipo njia nafuu: kuuchanganya na fosfeti, ile ya kwenye mbolea, hata ya unga wa mifupa, ili sehemu ya risasi igeuke madini magumu yasiyoyeyuka upesi tumboni. Kisha mboji, na nyasi za kuzuia vumbi. Risasi haiondoki, inafungwa tu. Kwa hiyo udongo upimwe mara kwa mara, na mchicha usipandwe hapo.

Mifupa mabucha yetu yanaitupa kila siku. Kaunti ianze na kiwanja kimoja, matokeo yabandikwe ukutani tuyasome.

Msomaji wako,
Mikindani, Mombasa