Roboti la kufagia litumie betri ya drili

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo sisi mafundi wa elektroniki tunaliongea kila siku huku Gerezani, Dar es Salaam, ila sijawahi kuliona gazetini. Ni kuhusu haya maroboti ya kufagia, yale ya duara kama sinia yanayotembea yenyewe sebuleni yakifyonza vumbi. Zamani tulikuwa tunayaona kwenye tivii tu, siku hizi yapo kwenye nyumba kibao za Mbezi, Tegeta, Kigamboni, mtu analetewa na ndugu yake aliyeko Dubai au Muscat, mwingine kanunua used, na mengi yakifika mezani kwangu yanakuwa na ugonjwa mmoja, betri imekufa. Mota nzima, brashi nzima, sensa zote zinasoma, roboti linawaka linatembea dakika mbili linazima. Halafu mwenye nalo anaambiwa atupe anunue lingine. Inauma sana jamani.

Ninachosema ni hivi, roboti la kufagia lisiwe na betri ya peke yake iliyofichwa tumboni. Litengenezwe litumie betri ya kuchomoa na kuchomeka, hii hii ya drili na grenda za kuchaji, ambayo leo iko kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Kariakoo hadi Kahama. Na wa kulitengeneza wapo, vijana wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), wa Chuo cha Ufundi Arusha, wa vyuo vya ufundi stadi vya VETA, kazi hii haiwashindi kabisa.

Ngoja nieleze kilichomo ndani ili nieleweke. Ukililaza roboti chali ukafungua skrubu za mfuniko unakuta kifurushi kimevikwa plastiki ya bluu, kina waya mbili tatu na kisoketi cheupe kidogo. Ukiichana ile plastiki kuna seli nane za saizi ya 18650, yaani unene milimita 18 na urefu milimita 65, zimefungwa mbili mbili sambamba (hapo volti haziongezeki) halafu jozi nne zikafuatana, kila seli ni volti 3.6 kwa hiyo jumla volti 14.4. Juzi nimefungua moja nikaweka mita, jozi ya kwanza 3.9, ya pili 3.9, ya tatu 3.9, ya nne 0.8. Basi. Jozi moja ikilala ile bodi ndogo ya ulinzi inakata umeme wote, kifurushi kizima kinahesabika kimekufa wakati robo tatu yake ni hai.

Sasa kupata kipya ndio shughuli. Kila modeli ina umbo lake na soketi yake, na huwezi kuagiza tu kirahisi kikaja na ndege maana tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafiri peke yake bila mashine haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Wauzaji wengi wa nje hawataki hata kusikia habari hizo. Ikija kwa meli inakaa baharini, inakaa bandarini, inakaa stoo, na lithiamu inazeeka hata kama haijaguswa, unafungua boksi jipya unakuta betri tayari mzee.

Linganisha na betri ya drili. Ndani ni seli zile zile, tena tano zikifuatana, tano mara 3.6 ni volti 18, zikijaa kabisa kila moja inafika 4.2 jumla inakuwa 21, ndio maana kampuni za zana kama Makita na Bosch wanaandika 18 na Ingco na Total wanaandika 20 lakini ndani hesabu ni ile ile ya seli tano. Betri ya 5Ah (ampea-saa tano) ina seli kumi, yaani jozi tano, na inabeba nishati ya wati-saa 90. Roboti la nyumbani likifanya kazi linakula wati 40 hivi, kwa hiyo betri moja inatosha zaidi ya saa mbili za kufagia, nyumba ya vyumba vitatu inaisha na chaji inabaki.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani wengi hawalioni. Grenda inavuta umeme mwingi kwa mpigo, betri ikichoka kidogo tu grenda inakata, mwenye nayo anaiona mbovu anaiweka kabatini. Lakini roboti linavuta ampea mbili tu na ushee, taratibu, ile betri iliyoshindwa na grenda hapa inaweza kufanya kazi muda mrefu bado. Mafundi seremala na mafundi chuma wana betri za namna hiyo zimejaa kwenye madroo.

Na umeme ndio kabisa. Haya maroboti ya kawaida yanarudi yenyewe kwenye kituo chake kuchaji, na kituo kinayaita kwa mwanga wa infraredi, umeme ukikatika kituo nacho kinanyamaza, roboti linazunguka linatafuta mpaka linaisha chaji chini ya meza. Siku umeme ukiwepo nako linashinda limepachikwa kwenye chaji, limejaa asilimia mia, kwenye joto letu hili la Dar, na hakuna kinachozeesha lithiamu kama kukaa imejaa kwenye joto. Betri ya kuchomoa unaichaji umeme ukiwepo, au kwa sola, unaitoa unaiweka pembeni, unayo ya pili. Najua wapo watakaosema raha ya roboti ni kujichaji lenyewe, sawa, kituo kiwepo kwa anayekitaka, ila betri itoke kwa mkono bila bisibisi.

Wala sizungumzii ndoto. Makita wa Japani walitoa roboti la hivi mwaka 2015, linaingia betri zao mbili za volti 18, ukiweka mbili za 5Ah linafagia mpaka mita za mraba 500 kwa muda wa dakika 200 hivi, na kapu lake la vumbi ni lita 2.5. Wamelilenga kwenye maghala na viwanda, kwa hiyo ni nene, haliingii chini ya kochi, na bei yake si ya mtu wa kawaida. Lakini mimi nikiliangalia naona mahali pake huku kwetu ni misikitini, kwenye kumbi, kwenye maktaba za vyuo. Zulia la msikiti mkubwa ni eneo tupu halina meza wala viti, anayesafisha anakokota mashine na waya mrefu kutoka soketi hadi soketi, wakati roboti lingeweza kuwashwa baada ya Isha watu wakishatoka na likamaliza kabla ya Alfajiri, betri ikiisha katikati anayelinda anabadilisha tu kama anavyobadilisha ya drili.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni kulifanya la nyumbani, na hapo ndipo penye ufundi wenyewe.

Shida ya kwanza ni unene. Roboti la nyumbani ni sentimita 9 au 10 kwenda juu, likizidi hapo halipiti chini ya kitanda, na betri ya 5Ah ina safu mbili za seli, ukiongeza ganda na reli yake ya kuteleza nafasi inakuwa imeisha. Mimi ningeanza na betri ndogo ya 2Ah yenye safu moja, hiyo inakaa vizuri, inatoa kama saa moja hivi ya kufagia, na anayetaka 5Ah akubali mgongo utoke nje kidogo. Shida ya pili ni uzito. Betri kubwa inazidi nusu kilo, na wengi wanaochora kwa mara ya kwanza watataka kuiweka nyuma maana ndiko kwenye nafasi, sasa ikikaa nyuma sana roboti likipanda ukingo wa zulia pua inanyanyuka, sensa za mbele zinazoangalia sakafu zinaona utupu, linadhani limefika kwenye ngazi linasimama. Betri ikae katikati, juu ya ekseli ya magurudumu mawili, kapu la vumbi ndio liende nyuma, na mfuniko ufunguke kwa juu ili mama wa nyumbani au dada asilazimike kulipindua.

Shida ya tatu ndio ya hatari zaidi kama haikuangaliwa. Betri nyingi za zana hazijikati zenyewe chaji ikishuka, zinategemea mashine ndio ikate, ukiunganisha waya moja kwa moja kwenye roboti lako litazinyonya mpaka zife. Bodi lazima ikate kwenye volti 15, hiyo ni 3.0 kwa kila seli, na isome pini ya joto, ile inayoiambia mashine betri ina joto kiasi gani, ambayo betri nzuri zinayo, na iwe na fyuzi karibu kabisa na ncha za betri. Anayebadilisha roboti la zamani la volti 14.4 aweke na bodi ndogo ya kushusha volti, maana betri iliyojaa inaleta volti 21 na bodi ile ilizoea mwisho 16.8. Anayetengeneza jipya kabisa achague feni na mota za volti 18 asihangaike.

Kuhusu kila kampuni kuwa na reli yake, hiyo isitutishe, roboti liwe na kitako cha betri kinachofungwa kwa skrubu mbili, mwenye Ingco anaweka kitako cha Ingco, mwenye Makita cha Makita, vitako vinaprintiwa na printa za 3D ambazo zipo vyuoni. Hata wakubwa wenyewe wameanza kuelewana, Metabo ya Ujerumani ilianzisha mfumo wa CAS mwaka 2018 ambapo kampuni nyingi zinatumia betri moja, Bosch nao wakaja na wa namna hiyo, AMPShare, mwaka 2022. Na ramani ya nyumba ihifadhiwe kwenye memori ya roboti lenyewe, betri ikitolewa isifutike, na likiwashwa liendelee lilipoishia. Narudia, kwenye roboti lenyewe, sio kwenye seva ya watu huko nje, maana tumeona Neato, kampuni ya Marekani ya maroboti haya, ilifungwa na wenye nayo mwaka 2023, na iRobot iliyotuletea roboti la Roomba tangu 2002 nayo Desemba 2025 ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Kampuni ikianguka mtu aliyenunua asibaki na sinia.

Sasa betri feki, hilo ni kweli lipo na ndio hoja kubwa ninayopingwa nayo. Kuna betri zimeandikwa 5Ah ndani zina seli tano tu badala ya kumi na hazina hata pini ya joto. Ukiishika mkononi unajua, nyepesi mno. Lakini betri hizo zipo sokoni tayari na zinachajiwa majumbani kila usiku na mafundi, roboti halijazileta, na roboti lenye bodi inayosoma joto na kukata mapema ni salama kuliko drili ya bei rahisi isiyosoma chochote.

Ombi langu ni kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Umoja wa Ulaya wamepitisha sheria kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vinavyobebeka ziwe ni za kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, kwa zana za kawaida. Watengenezaji watabadilisha mitambo yao kwa ajili ya soko hilo, na yale maroboti ya zamani yenye betri isiyotoka yatatafuta pa kwenda, na tunajua huwa yanakwenda wapi. Tukiwa na kiwango chetu mapema, kwamba roboti la kufagia halishushwi bandarini kama betri yake haitoki kwa mkono, hatutapokea mzigo huo.

Na kwa walimu wa vyuo, kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanahangaika kutafuta projekti, wengi wanaishia kurudia zile zile za kuwasha taa kwa simu. Wapeni hii. Ina mota, ina sensa, ina umeme, ina programu, ina kuchora ganda, na siku ya maonyesho inafagia ukumbi mbele ya watu. Meza ya kufanyia kazi ninayo, maroboti yaliyokufa betri ninayo yamejaa chini ya meza hiyo, na betri za drili za kujaribia zipo. Kijana anayetaka aje Gerezani aulizie mafundi wa elektroniki ataletwa, aje na daftari tu, pesa sitaki.

Fundi wa elektroniki,
Gerezani, Dar es Salaam