Kabla hujalipia rimu pana za Toyota 86 yako, tuletee gari tulipime

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alishusha rimu nne kutoka kwenye kirikuu mlangoni pa gereji yetu. Mtumba safi wa Japani, inchi 18 kwa upana wa inchi 9.5, na nyuma ya spoku imegongwa namba +22. Alikuwa ameshalipa zote. Gari lenyewe, Toyota 86, lilikuwa limebaki nyumbani.

Tulimwomba akalilete kwanza. Hakufurahi, na tunamwelewa, kwa sababu mtu akishapata rimu za ndoto yake anataka kuziona zimefungwa leo leo. Lakini namba ile +22 ilitutia wasiwasi, na tungependa kila mwenye gari la milango miwili ajue kwa nini.

Upana wa rimu ukiugawa nusu kwa nusu unapata mstari wa kati. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kutoka mstari huo hadi ule uso bapa unaoegemea habu, yaani kitovu cha gari ambapo rimu hufungwa. Ofseti ikiwa kubwa, rimu inazama ndani kuelekea shokapu. Ikipungua, rimu inatoka nje kuelekea fenda.

Sasa fanya hesabu na sisi. 86 nyingi tunazopokea zina rimu ya kiwandani ya inchi 17 kwa 7, ofseti +48. Inchi 7 ni milimita 178, nusu yake 89. Toa 48, unabaki na 41: hapo ndipo ukingo wa nje unapokaa ukipima kutoka usoni pa habu. Rimu za kijana ni inchi 9.5, yaani milimita 241, nusu yake kama 121. Toa 22, unapata 99. Ukingo umesogea nje milimita 58, karibu sentimita sita, na hiyo ni kwa kila gurudumu. Wengi hutoa 22 kwenye 48, wakapata 26, wakaona si kitu. Wanasahau kwamba upana ulioongezeka nao unagawanyika pande mbili, milimita 32 nje na 32 ndani. Kwa ndani rimu hii imeongeza milimita sita tu, kwa hiyo shokapu iko salama. Mzigo wote umeangukia fenda.

Gari likiwa limesimama linapendeza sana. Ukweli hujulikana kwenye tuta, tena ukiwa na abiria nyuma. Miaka ya nyuma tulimfungia mteja rimu za namna hiyo, tukazungusha usukani kulia na kushoto, hakuna kilichogusa, tukamkabidhi gari. Jioni alirudi na tairi la nyuma limechanwa ubavuni kama kwa wembe. Ule mdomo wa chuma uliokunjwa ndani ya fenda ndio uliokata. Tairi tulilinunua sisi, na tunashukuru Mungu lilikatika mjini, gari likiwa kwenye mwendo mdogo.

Tangu siku ile tunatoa springi kabisa, tunafunga rimu, halafu tunalinyanyua gurudumu kwa jeki mpaka lifike juu ambako tuta kubwa lingelifikisha. Za mbele tunazizungusha kutoka mwisho hadi mwisho zikiwa huko juu. Pakibaki nafasi ndogo, tunaweza kukunja mdomo wa fenda kwa kuupasha moto kwanza ili rangi isipasuke, au kuinamisha gurudumu ndani kidogo wakati wa alaimenti. Ila sentimita sita hazimalizwi kwa kukunja mdomo. Hapo ni kukata na kupanua bodi, na gari lililokatwa halirudi lilivyokuwa.

Beringi nazo zinaumia. Kushusha ofseti kutoka 48 hadi 22 kunasogeza katikati ya tairi milimita 26 mbali na habu, na kila shimo linapata nguvu zaidi ya kuibinya beringi. Usukani pia unabadilika: kwenye lami iliyochimbwa mifereji na malori utauhisi ukikuvuta upande.

Kuna wanaotuomba tuvishe tairi la 225/40R18, yaani la upana wa milimita 225, kwenye rimu ya 9.5 ili livutike na kukwepa fenda. Hatufanyi. Tairi hilo limekusudiwa rimu ya inchi 7.5 hadi 9. Likivutwa kupita hapo, ubavu haukingi tena ukingo wa rimu, na shimo moja tu linaweza kupinda rimu au kulitoa tairi. Kwa rimu ya 9.5 kwenye gari hili tunapendelea 245/35R18, ambalo kimo chake hakipishani sana na cha tairi la kiwandani.

Halafu nati. 86 ina nembo ya Toyota, lakini habu zake ni za Subaru: 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 100, na nyuzi za bolti ni 12 kwa 1.25, yaani unene wa milimita 12 na milimita 1.25 kutoka uzi hadi uzi. Nati za Toyota Mark X ni 12 kwa 1.5. Zitaingia mizunguko miwili, fundi ataongeza nguvu, na bolti imekwisha. Tundu la katikati la habu ni milimita 56.1, wakati rimu nyingi za mtumba zina 73.1, kwa hiyo pawekwe ringi ya kujaza pengo, la sivyo usukani unaweza kutetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa. Nati tunakaza kwa spana ya kipimo, nyutoni mita 120, na baada ya kilomita 100 tunakuomba urudi tuzikague.

Kijana wetu alileta gari, akaona kwa macho yake tairi likipanda juu ya mdomo wa fenda. Rimu zake amezipatia mnunuzi, na sasa tumempimia rimu ya upana wa inchi 9 yenye ofseti +38, ambayo itahitaji kukunja fenda kidogo tu.

Ukiwa bado unachagua, tutumie picha ya namba zilizo nyuma ya rimu, alama ya JWL, ile ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi, ionekane, na utuambie kama gari limeshushwa. Siku ya kupima njoo na gari lenyewe. Kupima hatutozi.