Utando unaooza hupenda maji: soma kabla hujatuita matapeli

Malalamiko tunayopokea kuhusu tando zetu za kufungia bidhaa, zinazooza badala ya nailoni, ni mawili, na yanagongana. Mmoja anasema utando aliochukua kwetu umelegea na kunata baada ya siku chache tu stoo. Mwingine anasema tumemuuzia nailoni kwa jina jingine, maana alitupia kipande kwenye droo na mpaka leo hakijaoza. Mara nyingi ukifuatilia, wote wawili walichukua roli ya aina ileile.

Kisa chenyewe ni maji. Tando zetu tunazipika kwa wanga, kwa mwani na kwa kitosani inayotokana na maganda ya kaa na kamba. Zote hizo ni polisakaridi, minyororo mirefu ya sukari, na minyororo hiyo haishibi maji. Vijidudu vya udongoni vinaweza kuila kwa sababu maji hupenya ndani ya utando na kuvifungulia mlango. Kwenye droo kavu hakuna kinachofunguka, kwa hiyo utando utakaa humo kama karatasi yoyote. Ufukie kwenye mboji yenye joto na unyevu ndipo uone kazi. Sifa hiyohiyo ndiyo inayoufanya utando wa wanga ulegee hewa ikijaa unyevu. Atakayekuuzia wanga mtupu na kukuapia kuwa haujali mvua, muulize ameuchanganya na nini.

Sasa tuje kwenye ombi linalotuchosha kuliko yote: "Ongezeni gliserini kidogo, uwe laini kama nailoni." Wanga mtupu ukikauka huwa mkavu na hupasuka ukiukunja, ndiyo maana tunautia gliserini, ijipenyeze kati ya minyororo na kuilegeza. Kwa kazi nyingi tunaweka gramu 25 hadi 30 kwa kila gramu 100 za wanga mkavu. Tukipandisha hadi 50, siku ya kwanza utaupenda mwenyewe. Lakini gliserini nayo huvuta maji kutoka hewani. Utando huanza kutoa jasho, tabaka za roli hushikana, na ukijaribu kuzibandua zinachanika.

Mtengenezaji mmoja wa sabuni tulimkatalia ulaini huo, akaenda kwa mwingine aliyemkubalia. Sabuni zake zenyewe zina gliserini, na alikuwa akizifunga zikiwa bado mbichi. Alirudi kwetu na boksi zima: ukivuta utando, unatoka na ngozi ya juu ya sabuni, nembo aliyoigonga kwa mhuri imefutika. Akalipia utando mara mbili na kazi ya kukata sabuni upya juu yake. Tulichompa safari hiyo ni wanga uliochanganywa na kitosani, gliserini ya kiasi, na sharti kwamba sabuni ikae ikauke wiki nne kabla ya kufungwa. Bado ananunua kwetu. (Kwa wanaofunga chakula: kitosani ina asili ya kaa na kamba, na wapo wenye mzio nao, kwa hiyo tunaiandika kwenye lebo hata pale mteja anapoona inamharibia muundo.)

Kuhusu bei. Anayetengeneza mfuko wa plastiki anayeyusha chembe, anazipuliza, anakunja roli. Sisi tunaanza na uji ambao sehemu zaidi ya 90 kati ya 100 ni maji, na maji hayo yote lazima yaondoke. Utando wa unene wa milimita 0.1 ulianza kwenye trei ukiwa na kina cha zaidi ya milimita 2. Kabla ya kuumwaga tunauacha utulie mpaka mapovu yatoke, maana povu moja likibaki ni tundu. Kisha tunakausha kwa nyuzi 40 hadi 50, polepole. Anayesema "pandisheni moto, nina haraka" anaomba juu kufunge ngozi huku chini kukiwa bado uji. Kingo zinajikunja, katikati panavimba malengelenge. Tukishabandua, tunapitisha maikromita, kifaa cha kupimia unene, pembe hadi pembe. Sehemu nyembamba tunazikata na kuzirudisha sufuriani. Hizo hupewi, ila muda wake umo kwenye bei, na hatuoni haya kusema hivyo.

Wapo wanaojipikia nyumbani: wanga, maji, siki na gliserini, dakika chache jikoni. Hatuna ugomvi nao, ni njia nzuri ya kujifunza. Tatizo huja mtu anapofungia bidhaa za kuuza. Wanga huzeeka. Minyororo yake iliyotawanyika wakati wa kupika hujipanga tena taratibu, na utando uliokuwa laini Jumatatu unaweza kulia kama jani kavu wiki chache baadaye. Kiasi cha gliserini, aina ya wanga na unyevu wa mahali unapouhifadhi ndivyo vinavyoamua kasi hiyo, si siki.

Kwa bidhaa zenye majimaji tunapendekeza utando wa aljineti, yaani ule wa mwani wa kahawia, unaopitishwa kwenye maji ya kloridi ya kalsiamu. Kalsiamu hufunga minyororo kwa pamoja, na utando huo ukilowa huvimba bila kuyeyuka. Adui yake ni chumvi. Mteja mmoja aliufungia jibini lililotoka kwenye maji ya chumvi bila kutuambia. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi ikaitoa kalsiamu na kukaa mahali pake, utando ukageuka ute. Fomu yetu ya oda ina swali kuhusu chumvi. Yeye aliliruka.

Na wale wanaotuletea mifuko ya bei nafuu iliyoandikwa kuwa inaoza, tafadhali someni maandishi madogo. Mingi tuliyoletewa ni plastiki ya kawaida yenye kiongezi kinachoifanya imeguke ikikaa juani. Kumeguka vipande si kuoza. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku plastiki ya namna hiyo kwa agizo lake la mwaka 2019. Bei yake hatuwezi kushindana nayo, wala hatutajaribu.

Unapoagiza, tuambie unafunga nini, kina mafuta, maji au chumvi kiasi gani, na kitakaa rafuni muda gani. Wanga huzuia mafuta vizuri, na ukiwa mkavu huzuia hata hewa ya oksijeni. Mvuke wa maji ndio unaoushinda. Roli ibaki ndani ya mfuko wake uliozibwa, mbali na jiko na mbali na dirisha. Tunakupa sampuli uifunge kwenye bidhaa yako halisi, si kwenye droo, uiangalie wiki mbili ndipo ulipe oda. Roli iliyokwisha kufunguliwa haturudishi.