Mhariri, hata kichanga anapata kisukari

Mhariri, salamu. Makala yenu ya kisukari nimeisoma yote na nimeipenda, ila pale mlipoandika kama vile watoto wanaanza kupata wakishafika umri wa shule ndo pameniuma, maana wangu alikutwa nacho ana wiki 7.

Alikuwa ananyonya kama hajawahi kushiba na uzito hauongezeki. Nepi zinajaa balaa, siku moja nimeiweka chini kidogo nageuka nakuta sisimizi wameizunguka, nikacheka tu nikajua nimemwaga kitu. Baadae akaanza kuhema haraka haraka macho yameingia ndani, hospitali wakasema ni maambukizi kwenye damu, akapigwa antibayotiki siku mbili mpaka nesi wa zamu ya usiku alipomchoma kisigino akaweka tone kwenye mashine ya sukari, na mashine haikutoa hata namba, sukari imepita inapoweza kusoma. Siwalaumu sana, dalili zinafanana kweli. Ila kipimo chenyewe ni sekunde chache jamani, kwa nini kilikuwa cha mwisho?

Insulini ya kichanga nayo ni shughuli. Dozi ni ndogo mpaka wanaizimua kwanza, na ukizidisha kidogo tu sukari inaporomoka mtoto anapata degedege. Usingizi niliusahau.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki, kisukari kinachoanza kabla ya miezi 6 mara nyingi sio ile aina ya 1 ambayo kinga ya mwili inashambulia kongosho, ni jeni moja ina kasoro, kwahiyo mtoto apimwe jeni. Chuo Kikuu cha Exeter cha Uingereza wamekuwa wakiwapima bure watoto wa namna hii hata wa nchi nyingine, daktari ndo anatuma sampuli. Wangu akakutwa na kasoro kwenye jeni ya KCNJ11, hiyo wataalamu wameijua tangu 2004. Yani insulini kongosho linatengeneza ila haitoki, na glibenklamidi, vidonge vilevile wanavyomeza watu wazima wenye kisukari, ndo vinaifungulia njia. Wengi wenye kasoro hii wanaacha sindano kabisa. Alibadilishiwa akiwa wodini, vidonge vinapandishwa taratibu huku insulini inapunguzwa, mtu asije akajaribu nyumbani. Siku hizi nasaga kidonge nakoroga na maji namnywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, anakunja uso halafu anaendelea na michezo yake.

Sio wote vidonge vitawafaa, najua. Na kuna ambao kinaondoka chenyewe baada ya wiki au miezi halafu kinarudi wakishabalehe, hao wasipotee kliniki.

Mkiandika tena kuhusu kisukari, ile picha ya mzee mwenye kitambi badilisheni, wekeni nepi iliyojaa. Mama mmoja akiiona atajua pa kuanzia.

Mama Kichanga, msomaji wenu