Barua Nyuma ya Kalenda

Nyalenda, Kisumu
Jumapili jioni

Kwako Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi ni wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Ukigeuza karatasi hizi utakuta Machi hadi Juni za mwaka jana, usidhani nimechanganyikiwa. Ni kalenda ya duka la mbegu, karatasi nzito, nyuma nyeupe kabisa, na Baba Mdogo amesema daftari halinunuliwi katika nyumba hii mpaka Desemba iishe.

Siku ile kwenye simu uliniuliza kama bado anatuzimia taa tukikaa kupiga gumzo. Mwenzangu, hayo yalikuwa ya chekechea. Siku hizi amehitimu.

Hebu nikupe ya stima. Tangu Aprili 2023, mtu asiyezidi uniti 30 kwa mwezi anauziwa kila uniti kwa bei ya chini; akivuka hapo, bei inapanda. Baba Mdogo alipolisikia hilo alilishika kama andiko. Kila asubuhi anasimama mbele ya mita, kalamu sikioni, anaandika hesabu ukutani. Friji tumeifanya kabati la sahani. Pasi inawashwa Jumapili pekee, na nguo za wiki nzima zinaisubiri zimejipanga kama wagonjwa kliniki. Habari za saa moja zikianza taa inazimwa, maana televisheni nayo ina mwanga wake. Ukitaka kuchambua mchele, unangoja tangazo la sabuni ya unga, lile lenye mashuka meupe, ndipo unayaona mawe.

Simu yake haichajiwi nyumbani. Anaipeleka kwa kinyozi wa pale kona, anaichomeka, anakaa foleni na wateja wengine akisoma gazeti la kinyozi. Zamu yake ikifika, betri imejaa, naye anajipapasa mifuko na kusema, "Lo, nimesahau pesa." Amesahau pesa tangu Januari. Nywele anakatwa nyumbani, na Mama Mdogo, kwa mkasi wa kushonea.

Huyo kinyozi ndiye aliyenifungua macho. Nilikuwa nikimcheka Baba Mdogo kama watu wote wa hapa, lakini nikianza kuhesabu naona pesa zake hazipungui kwa sababu kila mara kuna mtu pembeni anayemlipia. Chukua shilingi 500 alizonikopa mwezi uliopita. Tunalala nyumba moja, ukuta mmoja kati yetu. Mtu angenipa mkononi. Lakini pesa zilikuwa kwenye M-Pesa, na yeye kutoa kwa wakala ni shilingi 29. Kwa hiyo akaamua kunitumia. Kutuma 500 kwa mkupuo ni shilingi 7; kutuma 100 ni bure. Nilikuwa kanisani, mchungaji yuko katikati ya maombi, simu yangu ikalia ting. Tena ting. Mara tano, Mama Neema! Dada aliyekaa mbele yangu aligeuka akanitazama kama mtu anayefanya biashara hekaluni. Na siku nilipozitaka zile pesa taslimu, nani alilipa ile 29? Ni mimi. Jioni akaniambia kwa furaha kwamba siku hiyo ameokoa shilingi 36.

Ya kupiga simu nadhani unayakumbuka. Anaflashi tu, kwa mpango: ikilia mara moja, ameteremka kwenye matatu, mara mbili, bandika maji ya ugali, mara tatu, fungua geti. Juzi mtandao ulikuwa mbovu, mlio wa tatu ukapotea njiani. Sisi tukabandika maji. Yeye akanyeshewa pale nje nusu saa, mkononi ana simu iliyojaa chaji ya kinyozi, na hakupiga.

Jumamosi hapikiwi. Anasikiliza matangazo ya vifo redioni kama wenzake wanavyosikiliza mpira, anaulizia ni umbali gani na kama kuna lori la kubeba waombolezaji. Huku kwetu matanga hayakosi chakula, unajua mwenyewe. Ana koti maalumu, na mfuko wake wa ndani ameutandika pakiti ya unga ili mchuzi usivuje. Zamani alitandika mfuko wa plastiki, mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Na hiyo mifuko yenyewe aliificha chini ya godoro miezi kadhaa akiamini serikali itabadili nia.

Sasa nikupe kile kisa cha kibubu, maana ulikuwa hujakisikia mwanzo hadi mwisho, na mimi nilikiona kwa macho yangu.

Alikuwa na kibubu cha mbao alichonunua soko la Kibuye kwa shilingi 200, kimepigiliwa misumari pande zote. Humo aliingiza noti za elfu moja pekee, moja moja, kila alipopata. Sikukuu ya Madaraka 2019 Benki Kuu ikatangaza kwamba noti za zamani za elfu moja mwisho wake ni tarehe 30 Septemba. Zile za 50, 100, 200 na 500 ziliachwa ziendelee. Iliyokufa ni elfu tu, na Baba Mdogo alikuwa na elfu tu.

Miezi minne ni mingi. Mama Mdogo alimwambia Juni avunje kibubu. Akasema hakijajaa. Akamwambia Julai. Akasema wataongeza muda, Wakenya hawafanyi kitu mpaka siku ya mwisho. Agosti ukweli ukamtoka: akikivunja, atalazimika kununua kingine, na vibubu vimepanda bei.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba akaanza operesheni. Alikipindua kibubu juu chini, akaingiza sindano ya kufumia kwenye ule mwanya, ncha yake ameipaka ubani uliotafunwa. Mtafunaji nilikuwa mimi. Siku mbili nilitafuna mpaka taya likauma, yeye amelala chali sakafuni, kibubu kifuani, tochi mdomoni, anavua noti kama mvuvi wa Dunga avuavyo ngege. Ikinasa, anaivuta polepole, sisi tumeshika pumzi. Ikikwama mlangoni, inarudi ndani, naye anatamka maneno ambayo siwezi kuyaandika nyuma ya kalenda. Kufikia Jumatatu alfajiri alikuwa amevua noti 11. Zilikuwa 14. Akaenda benki, akapanga foleni mpaka mchana, akabadilishiwa zile 11 na kurudi mbio kuvua zilizobaki. Hazikunasa. Usiku wa manane ukapita, elfu tatu zikafia mle ndani.

Kibubu kizima kabisa. Hakina hata mchubuko. Bado anakitumia.

Nikikumbuka hayo namwonea uchungu Mama Mdogo. Mtaa mzima husema, "Mzee yule anaijua shilingi," na wanaume huja kumwuliza ushauri wa biashara. Lakini ukiniuliza mimi nani ameiendesha nyumba hii, ni yule mama aliyeinama uani mikono myeusi. Anaenda kwa muuza makaa jioni, anachukua vumbi na chengachenga zilizobaki chini ya gunia, zile ambazo yule jamaa angezifagia mtaroni. Anachanganya na udongo wa mfinyanzi kidogo na maji, anaviringa madonge kama ya ugali wa mtoto, anayaanika juani siku tatu. Ukishawasha jiko kwa makaa ya kawaida, unaweka madonge mawili matatu juu, yanashika taratibu na kukaa na moto nusu siku. Hayafai kwa chai ya haraka, lakini kwa githeri hayana mpinzani. Ila jiko libaki nje, hata mvua ikinyesha: moshi hauonekani na hewa yake inaua.

Maharagwe nayo anayaloweka usiku, anayachemsha nusu saa hivi yakitokota kwelikweli, kisha sufuria inaingia kwenye kikapu alichokishonea ndani blanketi kuukuu na kufunikwa na mto. Ukirudi jioni yameiva, na moto haujawashwa tena. Akipika mboga kama mrenda, hanunui magadi ya kulainishia. Anachoma mabua ya maharagwe, majivu anayachuja kwa maji, hiyo ndiyo munyu yake, kama mama yake kule Kakamega.

Na Ijumaa anatuletea mgongo wazi kutoka Obunga. Minofu ya mbuta imeshapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na kichwa na uti wa mgongo uliokaangwa ukakauka. Wageni hudhani ni chakula cha shida. Waache wadhani hivyo. Wakishajua utamu wa ile nyama ya shavuni, bei itapanda.

Hakuna anayelipa kwa niaba ya Mama Mdogo, labda mgongo wake mwenyewe. Nilimwambia hivyo jana tukiviringa madonge. Akacheka, akasema niongeze udongo, yangu yanapasuka.

Mimi pia sijakuwa mtakatifu. Dawa ya meno naikata kwa mkasi na kukwangua ndani. Leo nimekwenda Kibuye saa kumi na moja, wakati wauza mitumba wamechoka na zile nguo bora za kamera zimeisha, wanamwaga fagia, yale masalio, chini wasije wakabeba marobota kurudi nyumbani. Nimepata blauzi tatu kwa shilingi 50. Moja ina mikono ya urefu tofauti, nitasimama kiupandeupande. Na kabla hujaniuliza kwa ile sauti yako: ndiyo, kodi ya nyumba silipi hapa, miaka yote hii, na Baba Mdogo hajawahi kunitajia hata siku moja. Sijui kama amesahau au ameiandika ukutani mahali sijaona.

Barua hii inakuja na jirani anayekwenda kumwona bintiye Free Area, hapo Nakuru, kwa hiyo hatujalipa parseli. Amebeba pia mkebe mmoja wa gorogoro umejaa omena, nimezianika mwenyewe, mchanga hauna. Zikaange kavu kwanza kabla ya kutia nyanya.

Mkebe naomba urudi, pamoja na kifuniko. Na usije mtupu. Huko kwenu maharagwe ni rahisi, na hapa kuna mtu atakayeupima uzito mlangoni.

Wako,
Mama Baraka