Viti 27 na dakika 180: mgeni apewe jembe

Mhariri,

Tangu Marvel ioneshe mtandaoni, tarehe 26 Machi 2025, viti vyenye majina ya waigizaji, kimoja baada ya kingine kwa zaidi ya saa tano, gumzo la mashabiki kuhusu filamu yao ijayo ya mashujaa, Avengers: Doomsday, limekuwa la kuhesabu majina tu. Yalikuwa 27. Desemba 2025 kikatoka kionjo cha Chris Evans akirudi kama Steve Rogers, yaani Captain America, hesabu ikapanda, na sasa hakosekani mtu anayeapa kwamba fulani naye yumo. Filamu imepangwa kutoka 18 Desemba 2026. Kabla hatujaongeza jina jingine, tuhesabu dakika.

Tuseme itakuwa ya saa tatu, sawa na Avengers: Endgame ya 2019 iliyokuwa na dakika 181. Toa kama dakika 10 za majina ya mwisho. Toa 40 za vita vya kufungia kazi, ambamo watu wanapigana na hawaongei. Adui naye anahitaji walau 25, la sivyo hatumwogopi. Zinabaki 105. Ukimtoa Robert Downey Jr., ambaye ndiye adui mwenyewe, Doctor Doom, halafu ukamwongeza Evans, wanaogawana ni 27 vilevile. Kila mmoja hafikishi hata dakika nne. Msimulizi wa kibanda umiza, ambaye kazi yake ni kumtambulisha kila anayetokea, atakauka koo filamu haijafika nusu.

Atakayejibu kwamba Avengers: Infinity War ya 2018 nayo ilijaa watu na bado ikafana, yuko sahihi, ila aangalie ilifanyaje. Kwanza, steringi wa filamu ile hakuwa shujaa hata mmoja. Alikuwa adui, Thanos: inaanza naye na inaisha naye amekaa akitazama jua. Pili, mashujaa waligawanywa mafungu, kila fungu na kazi moja. Thor, Rocket na Groot walikwenda kufua shoka; Tony Stark (Iron Man) na Doctor Strange walikuwa sayari ya Titan; Steve na wenzake walikuwa Wakanda wakilinda jiwe la mwenzao Vision, ambalo Thanos alilitaka. Tatu, na hili ndilo mashabiki hulisahau, wapo walioachwa nyumbani. Hawkeye na Ant-Man hawaonekani kabisa. Sentensi moja tu inatuambia wako kwenye kifungo cha nyumbani. Endgame ikafuata njia hiyohiyo: nusu ya watu wamegeuzwa vumbi na Thanos, kwa hiyo hadithi ikabaki mikononi mwa wale sita wa 2012 na wachache wengine. Waliorudi kupitia milango ya mwanga walikuja mwishoni, na wengi wao hawakusema hata maneno kumi. Tulishangilia kwa sababu tulikuwa tumewakosa kwa zaidi ya saa mbili.

Sasa kuhusu wanaorudi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mhusika wa zamani akiitwa tena aulizwe ana deni gani ambalo halijalipwa. Mfano bora ni Spider-Man: No Way Home ya 2021. MJ, mpenzi wa Spider-Man, anaanguka kutoka kwenye viunzi vya Sanamu ya Uhuru. Peter Parker (Spider-Man mwenyewe) wa Tom Holland anaruka kumfuata, adui Green Goblin anampiga kikumbo hewani. Anayemdaka ni Peter wa filamu za zamani, wa Andrew Garfield, yule ambaye katika filamu ya 2014 alichelewa kidogo tu na mpenzi wake Gwen akafa. Anamtua chini, anamuuliza kama yuko salama, kisha machozi yanamlenga, mpaka MJ ndiye anayemuuliza yeye. Tukio zima halimalizi dakika moja. Linganisha na Doctor Strange in the Multiverse of Madness ya 2022: Patrick Stewart aliletwa kama Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, ukumbi ukashangilia, na muda si mrefu Wanda akamvunja shingo. Hakuwa na deni la kulipa wala la kudai. Alikuwa pambo.

Ukivipima viti vya Doomsday kwa kipimo hicho, vichache vina uzito wa kweli. Shang-Chi anadai tangu 2021: baada ya majina ya mwisho tuliambiwa pete zake zinatuma ishara mahali fulani, na hakuna aliyerudi kutueleza zinamwita nani. Nightcrawler wa X-Men, anayeigizwa na Alan Cumming, alionekana mara moja tu, 2003, kisha filamu iliyofuata ikaendelea kana kwamba hakuwahi kuzaliwa. M'Baku wa Wakanda Forever mara ya mwisho alikuwa amesimama uwanjani akidai kiti cha enzi cha Wakanda. Loki ndiye mgumu kuliko wote. Tangu mwisho wa tamthilia yake, Novemba 2023, amekaa peke yake akishikilia nyuzi za nyakati zote kwa mikono yake, kwa hiyo akinyanyuka tu lazima kitu kikatike. Wakimleta aje kupiga vichekesho na Thor, huku hizo nyuzi hazitajwi, watakuwa wameichoma tamati nzuri.

Steve Rogers ananitia wasiwasi zaidi. Alizeeka, akamkabidhi Sam Wilson ngao ya Captain America. Sam amepewa tamthilia ya 2021 na filamu ya Februari 2025 ili tukubali kwamba ngao ni yake. Kionjo kinamwonesha Steve nyumbani, na mtoto mchanga mikononi. Hapo pana hadithi: mtu mwenye cha kupoteza. Lakini ikifika vitani Sam akampisha na kumrudishia ngao, kazi yote hiyo imekwenda na maji. Mashabiki wanaoililia picha hiyo wanadai kitu kitakachowaudhi Januari.

Na zile dakika 25 za Doom zisikatwe. Thanos tulimwona uso 2012, kwenye kiti chake 2014, akivaa glavu 2015. Alipokuja rasmi 2018 tulikuwa tunamjua. Doom tumemwona mgongo tu, Julai 2025, mwishoni mwa filamu ya Fantastic Four, barakoa yake mkononi. Mpango wa mwanzo ulikuwa adui mwingine, Kang, ukavunjika Desemba 2023 Marvel ilipoachana na mwigizaji wake, Jonathan Majors, kwa hiyo waongozaji, ndugu Russo, wanamjenga adui na kumtumia ndani ya filamu hiyohiyo. Sura ya Downey ni mtego. Watazamaji watamtafuta Tony Stark, shujaa aliyemwigiza zamani, na waandishi watashawishika kuwapa. Doom wa vitabuni tangu 1962 ni mtawala wa Latveria, mwanasayansi na mchawi anayemchukia Reed Richards wa Fantastic Four. Barakoa ibaki usoni.

Anayetaka kujiandaa hahitaji kurudia filamu zote. Infinity War, Endgame, msimu wa pili wa Loki, Wakanda Forever, Thunderbolts* na Fantastic Four ya 2025 zinatosha, na mbili hizo za mwisho asizime kabla ya vipande vya baada ya majina. Kwa kundi la X-Men, X2 ya 2003.

Jambo moja linalotuhusu huku kwetu. Katika vile viti 27, vya watu wa X-Men vilikuwa saba, na Storm, mwanamke wa X-Men anayeamuru hali ya hewa, hakuwamo. Katika kitabu cha 1975 kilichomtambulisha, Xavier anamkuta Kenya, watu wakimwabudu kwa kuwaletea mvua. Mama yake, N'Daré, ni binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya. Halle Berry alimwigiza katika filamu nne, na sijui ni katika ipi kati ya hizo wanasimulia habari za mama yake. Deni hilo ni kubwa kuliko la Gambit, mwenzake wa X-Men, na Gambit ana kiti.

Mpenzi wa filamu,
Mombasa